Farasi Wazee wa Cairo na Deni la Mnyama Aliyechoka

Nataka kuwaeleza habari za farasi wazee walionunuliwa katika mji wa Cairo zaidi ya miaka 90 iliyopita, si kwa sababu waliweza kufanya kazi, bali kwa sababu hawakuiweza tena. Kisha nitatoa maoni yangu juu ya jambo moja lililo karibu na jiko letu. Naandika kwa kuwa katika mdahalo wa muhula uliopita ilipita hoja ya kwamba kumtunza mnyama asiye na faida ni kutupa mali. Waliounga mkono hoja hiyo walisema vizuri, na kura walizipata kwa haki. Lakini wingi wa kura si wingi wa ukweli, na yale ambayo hayakusemwa siku ile yafaa yasemwe hapa.

Habari yenyewe ni hii. Katika Vita Kuu ya Kwanza, ya mwaka 1914 mpaka 1918, majeshi ya Uingereza na ya makoloni yake yalipigana na Waturuki katika Misri na Palestina. Nchi ile ni ya mchanga na jua kali, na askari wengi walipigana wakiwa wamepanda farasi. Farasi wengine walitoka Uingereza, na wengine wengi walisafirishwa kwa meli kutoka Australia. Walivuta mizinga, walibeba watu na risasi na chakula, na mara nyingi walikwenda mwendo mrefu pasipo kuonja maji. Mwezi wa Oktoba 1917, askari wapanda farasi wa Australia walipoushambulia mji wa Beersheba, moja ya sababu za haraka ile ilikuwa visima vya mji huo, maana wanyama walikuwa wameshikwa na kiu kikali. Mwezi wa Desemba mwaka ule Jenerali Allenby aliingia Yerusalemu, naye aliingia kwa miguu. Lakini jeshi lake lilikuwa limefika pale kwa nguvu za farasi.

Vita vilipokwisha watu walirudi makwao, lakini farasi hawakurudi. Gharama ya kuwasafirisha ilikuwa kubwa, tena nchi kama Australia ziliogopa wasije wakaleta magonjwa kwa mifugo ya huko. Inajulikana kwamba katika farasi zaidi ya 100,000 walioondoka Australia kwenda vitani, mmoja tu ndiye aliyerudishwa. Jina lake Sandy, naye alikuwa wa jenerali aliyekufa katika vita hivyo. Wengine, wale waliosalia na uhai, ama walipewa majeshi mengine, ama walipigwa risasi, ama waliuzwa. Maelfu waliuzwa Misri. Walinunuliwa na wenye mikokoteni, na wenye machimbo ya mawe, na watu wa kila kazi nzito ya mjini. Jeshi lilipokea fedha zake, likafunga daftari lake.

Miaka 12 ikapita. Mwaka 1930 alifika Cairo mama mmoja Mwingereza jina lake Dorothy Brooke, ambaye mumewe alikuwa ofisa mkubwa wa jeshi la wapanda farasi. Alipokuwa akipita katika njia za mji aliwaona farasi wakubwa wa umbo, waliokonda mpaka mifupa ikahesabika, wenye vidonda vya hatamu, wengine vipofu na wengine viwete, na bado wakivuta mizigo. Baadhi yao walikuwa na chapa ya mshale ngozini, ambayo ndiyo chapa ya jeshi la Uingereza. Hapo akatambua kwamba hawa ndio wale farasi wa vita. Umri wao sasa ulikuwa umepita miaka 16, na wengi walikuwa wamepita 20, umri ambao farasi hafai kuvuta mawe.

Mama huyu angeweza kusikitika, akapanda gari lake, akaenda zake. Wengi walikuwa wamefanya hivyo kabla yake. Yeye mwaka 1931 aliandika barua kwa gazeti la London liitwalo Morning Post, akawaeleza watu wa nchi yake juu ya farasi hao. Watu wakapeleka fedha, wenye nacho na wasio nacho. Kwa fedha hizo, katika muda wa miaka mitatu hivi, yeye na wenzake walinunua farasi wapatao 5,000. Mmoja wa wale wa kwanza aliitwa Old Bill, na jina lake linakumbukwa mpaka leo. Mwaka 1934 akaanzisha Cairo hospitali ya wanyama kwa ukumbusho wa farasi wale wa vita. Humo farasi na punda wa watu maskini walitibiwa bila malipo. Mwenyewe alifariki mwaka 1955 huko huko Misri. Kazi yake haikufa. Chama kilichotokana na hospitali ile chaendelea katika nchi nyingi, hata kwa jirani zetu wa Kenya, ambako kinashughulikia zaidi punda wa kazi.

Sasa, wasomaji, sikilizeni neno ambalo wengi hulificha wasimuliapo habari hii. Wale farasi 5,000, wengi wao hawakuponyeshwa. Walikuwa wamechakaa mno. Kuokolewa kwao kulikuwa hivi: walinunuliwa, wakafunguliwa mizigo, wakapewa maji na chakula kizuri na majani makavu ya kulalia, wakapumzika kidogo, kisha wakauawa kwa njia isiyo na mateso. Mwenye kupenda hesabu atasema, "Kumbe! Fedha zote zile, kwa ajili ya siku chache za majani?" Ndiyo, kwa ajili ya hizo. Na hapo ndipo ninapotaka kusimama.

Kuna habari nyingine ya farasi aliyeokolewa, nayo yapendwa zaidi ulimwenguni, kwa kuwa mwisho wake ni mtamu. Mwaka 1956 huko Marekani, katika jimbo la Pennsylvania, mwalimu mmoja wa kupanda farasi aitwaye Harry deLeyer alikwenda mnadani kutafuta farasi wa kufundishia wasichana wa shule. Alichelewa. Farasi wazuri walikuwa wamekwisha kununuliwa, na waliosalia walikuwa wakipandishwa katika lori la machinjioni. Akamwona mmoja, mweupe wa kijivujivu, mpole wa macho, mwenye alama za kamba za plau kifuani. Akamnunua kwa dola 80. Watoto wake wakamwita Snowman. Miaka miwili tu baadaye, 1958, farasi yule wa plau alishinda mashindano makubwa ya kuruka viunzi katika ukumbi wa Madison Square Garden mjini New York, akiwashinda farasi wa matajiri. Mwaka uliofuata akashinda tena. Alikufa mwaka 1974, na vitabu na sinema vimetungwa juu yake.

Nami naipenda habari hii. Lakini angalieni vema. Harry deLeyer naye, baada ya kumpata Snowman, alimwuza kwa daktari mmoja jirani, kwa bei maradufu. Farasi ndiye aliyekataa. Aliziruka nyua za daktari mara kwa mara, akarudi alikotoka, mpaka bwana wake akamnunua tena. Ndipo ikajulikana kwamba anaweza kuruka. Je, kama Snowman asingeweza kuruka? Kama angekuwa farasi mpole tu, asiye na kipaji? Naamini leo hakuna mtu Afrika wala Ulaya ambaye angelijua jina lake. Tunampenda kwa sababu alilipa. Dola 80 zilirudi na faida.

Hapo ndipo hoja ya mdahalo wetu ilipotegea. Wenzetu walisema, "Mnyama ambaye huenda akafaa, mtunze. Asiyefaa, mwache." Maneno haya yanafanana na busara, lakini huo si utu, ni biashara. Sina neno na biashara. Mfanyabiashara mwema ni baraka kwa nchi. Lakini tusiite biashara kwa jina la huruma. Huruma hujulikana pale ambapo hakuna faida itakayorudi. Snowman alimpa bwana wake sifa na vikombe. Old Bill na wenzake hawakumpa Dorothy Brooke kitu. Ndiyo maana nasema, ingawa Snowman ni habari njema zaidi ya kusimulia jioni, habari ya farasi wa Cairo ni kubwa kuliko hiyo.

Tena yupo mwenzetu mmoja aliyesema kwamba kumwua mnyama hakuwezi kuitwa kumwokoa. Neno lake ni zito. Namjibu hivi: farasi wale hawakuwa na njia mbili, moja ya kufa na moja ya kuishi raha. Kwa jinsi walivyochakaa, mbele yao mlikuwa na njia mbili za kufa: kuanguka chini ya mzigo wa mawe huku fimbo ikilia mgongoni, au kulala shibe na kuondoka upesi bila hofu. Mwenye kuwapa njia ya pili aliwaondolea mateso, na kumwondolea mtu au mnyama mateso ni kumwokoa. Ni vigumu zaidi kuliko kumfuga. Mtu apendaye kusifiwa huchagua wale wanyama wanaopona, wapate kuonyeshwa kwa wageni. Mama yule alinunua kwanza wale walio hoi.

Lakini hoja iliyonisumbua kuliko zote haikuwa hiyo. Ilikuwa hii: "Watu kwanza. Wakati Wazungu walipokuwa wakichanga fedha kwa ajili ya farasi, nani alichanga kwa ajili ya wapagazi wetu?" Ndugu zangu, hili ni neno la haki, nami sitalipita kando.

Katika vita ile ile, huku Afrika ya Mashariki, farasi na nyumbu walikufa kwa wingi kwa sababu ya ugonjwa wa mbung'o. Basi mizigo ya majeshi ilibebwa na watu. Waingereza na Wajerumani waliwachukua mamia ya maelfu ya wanaume, kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika, Nyasaland na kwingineko, wakawabebesha chakula na risasi katika mvua na matope. Makumi ya maelfu walikufa, wengi wao si kwa risasi bali kwa njaa, kuhara na homa. Jina la Kariakoo mjini Dar es Salaam, na Kariokor mjini Nairobi, latokana na jina la kikosi chao. Wengi walizikwa pasipo alama yoyote. Mwaka 2021 ile Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola yenyewe ilitoa taarifa ikikiri kwamba Waafrika wengi waliokufa katika vita ile hawakukumbukwa kwa majina kama wenzao wa Ulaya, ikaomba radhi. Hiyo ilikuwa zaidi ya miaka 100 baadaye.

Kwa hiyo yeye aulizaye, "Mbona farasi alijengewa hospitali na mpagazi hakuwekewa hata jiwe?" aulize kwa sauti kubwa, nami nitauliza pamoja naye. Lakini baada ya kuuliza, tufikiri. Je, mpagazi aliyekufa porini angefaidika nini kama farasi wa Cairo wangeachwa wafe kwenye machimbo? Hakumnyang'anya mtu kitu yule mama aliyeandika barua. Aliyewanyang'anya wapagazi haki yao ndiye yule yule aliyeuza farasi: wenye daftari, ambao wakiisha kutumia nguvu za kiumbe hupiga mstari juu ya jina lake na kusema, "Huyu amekwisha." Makosa ni mamoja. Kwao mpagazi alikuwa mgongo, na farasi alikuwa mgongo. Mtu akijizoeza kumtazama punda aliyechoka kama jembe lililovunjika, hakawii kumtazama vivyo hivyo mpagazi, na mpishi, na mzee wa kijiji asiyeweza tena kulima. Moyo una mlango mmoja tu. Ukiufunga kwa mnyama, mtu naye hukuta umefungwa.

Tena mwangalie jinsi kazi ya Cairo ilivyofanywa. Wale Wamisri waliokuwa na farasi hawakuwa watu wabaya. Walikuwa maskini waliomnunua mnyama kwa fedha yao halali, na watoto wao walikula kwa jasho lake. Laiti mtu angewajia na polisi na matusi, akawanyang'anya farasi, wangelia njaa, na kesho yake wangemtafuta mnyama mwingine dhaifu wa bei ya chini na kumtesa vivyo hivyo. Haikufanywa hivyo. Wenyewe walilipwa thamani, wapate kununua mnyama mwingine. Na hospitali ilipofunguliwa, ilifunguliwa kwa ajili ya mnyama wa maskini, bila malipo. Kumsaidia farasi na kumsaidia mwenye farasi ilikuwa kazi moja. Huruma ambayo gharama yake humwangukia maskini peke yake si huruma, ni kiburi cha mwenye shibe.

Sasa nije karibu na nyumbani. Sisi tuishio kwenye miteremko ya Mlima Elgon hatuna farasi. Tunao punda. Barabara za huku hupanda na kushuka, mvua ikinyesha gari haliwezi, na mahindi, viazi na kuni hushuka na kupanda juu ya mgongo wa punda. Ugali tunaokula katika shule hii, sehemu yake kubwa imefika jikoni kwa njia hiyo. Asubuhi ya siku za chakula mtawaona wamesimama nyuma ya jiko, gunia zima mgongoni, wakingoja mwenye ghala amalize kuandika. Maji hawapewi. Wadogo wetu wengine huwatupia vijiwe wapate kucheka wanaporusha mateke, kisha husema ile methali, "Fadhila ya punda ni mateke." Mimi nauliza: kati yetu na punda, nani amemfadhili nani, na nani amerusha mateke?

Zipo hesabu nazo. Watu wenye ujuzi wa wanyama hawa hushauri kwamba mzigo wa mgongoni usizidi theluthi moja ya uzito wa punda. Punda wa kwetu ni wadogo. Tukisema mmoja ana kilo 150, basi mzigo wake usizidi kilo 50. Gunia la mahindi ni kilo 100. Kila mwanafunzi wa kidato cha kwanza aweza kuitenda hesabu hiyo. Tena punda ana tabia ya kuficha maumivu yake. Farasi akiumia huonyesha zaidi, lakini punda husimama kimya na kichwa chini, nasi twasema, "Huyu ni mkaidi," kumbe ana kidonda chini ya kamba.

Wala msidhani kwamba punda watakuwapo siku zote hata tukiwatumia vibaya. Katika miaka ya karibu wanunuzi wa ngozi wamewamaliza punda katika sehemu nyingi za Afrika. Ngozi hizo hupelekwa Uchina, huchemshwa na kufanywa gundi iitwayo ejiao, ambayo hutumiwa kama dawa. Mambo yalipozidi, mwezi wa Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika, walipokutana Addis Ababa, walikubaliana kusimamisha kwa miaka 15 uchinjaji wa punda kwa ajili ya biashara ya ngozi. Ikiwa wakuu wa nchi wameona vema kuketi na kumzungumzia punda, si aibu kwa wanafunzi kumzungumzia.

Basi maoni yangu ni haya, nami nayaweka mbele ya Bwana Mkuu wa Shule, mbele ya wanafunzi, na hasa mbele yenu ninyi wanafunzi wa zamani, ambao mmekula mahindi yale yale.

Kwanza, lijengwe birika la maji nyuma ya jiko, mahali pa kivuli. Matofali twaweza kufyatua wenyewe siku za kazi za mikono. Twahitaji saruji na bomba fupi la kutoka kwenye tangi. Wanafunzi wa zamani wanapokutana mwisho wa mwaka huchanga fedha za kombe la mpira. Naomba mwaka huu mmoja tu sehemu ya mchango huo iwe ya birika. Kombe litakaa kabatini, birika litakunywewa kila juma.

Pili, mzigo ushushwe mara punda afikapo, kabla ya kuandikwa neno lolote daftarini. Wanafunzi wawili wa zamu waweza kufanya hivyo. Si kazi kubwa kwa vijana wanaojisifu uwanjani kwa nguvu zao.

Tatu, na hili ndilo gumu, shule ipokee nusu gunia kwa kila punda, si gunia zima. Hapa lazima tuseme kweli. Mwenye punda hulipwa kwa gunia. Ukimwambia apakie nusu bila kubadili malipo, umemkata ujira wake nusu, naye ana watoto, na mmoja wao pengine yumo humu darasani pamoja nasi. Kwa hiyo malipo ya uchukuzi lazima yaongezwe, na fedha hizo zitatoka kwetu. Nimekwisha kusikia watu wakinung'unika. Lakini tumesoma kwamba wale wa Cairo walilipa wenye farasi kwanza. Kama hatutaki kuongeza kidogo katika ada ya jiko, basi tusiseme tunawahurumia punda. Tuseme tu kwamba twapenda kuona wengine wakiwahurumia.

Nne, punda akizeeka au akivunjika asiweze kupona, asiachwe barabarani akipigwa na watoto na kuvamiwa na mbwa. Aitwe afisa wa mifugo amwondoe duniani kwa upole, na shule isaidie gharama, maana alikuwa akiitumikia shule.

Najua watakaosema kwamba mambo haya ni madogo, na kwamba kijana wa miaka 19 aliye karibu na mtihani wake wa mwisho angeandika juu ya siasa au maendeleo ya nchi. Nami nasema kwamba maendeleo ya nchi ni pamoja na jinsi mwenye nguvu anavyomtendea asiye na nguvu. Shule yetu ni ya misheni. Kila Jumapili ya Matawi huimba juu ya Bwana aliyeingia Yerusalemu akiwa amepanda punda. Katika Kitabu cha Hesabu twasoma kwamba punda wa Balaamu alimwona malaika njiani kabla ya nabii kumwona, na nabii akampiga mara tatu kwa ujinga. Padre hatakosea akituuliza ni mara ngapi sisi tumempiga wetu.

Farasi wa Cairo walipokuwa wakingojea mwisho wao hawakujua jina la gazeti wala jina la chama. Walijua tu kwamba mzigo umeshuka, maji yapo, na fimbo haipo. Wengi wao walikuwa hawajajua hivyo kwa miaka 12. Mnyama hawezi kuandika katika gazeti letu la shule, wala hana kura katika mdahalo. Basi hoja ile iletwe tena muhula ujao, nami nipo tayari kusimama upande wa kuipinga. Kabla ya siku hiyo, kila mwenye kupenda kura yake iwe ya haki aende nyuma ya jiko siku ya mahindi, aweke mkono wake chini ya kamba ya mzigo, aone kilichopo, kisha apige kura.

— Mwanafunzi wa Kidato cha Sita